Delbert Crouthamel na Sumaku Aliyoiacha Nje

Delbert Ansley Crouthamel alizaliwa tarehe 9 Februari 1944 huko Quakertown, Pennsylvania, mtoto wa pili wa fundi saa Harvey na mkewe Mabel. Alisomea uhandisi wa mitambo mjini Bethlehem katika jimbo hilohilo, kisha sheria mjini Washington, akahitimu mwaka 1971. Tangu hapo alikuwa wakili wa hataza, yaani hati za kulinda haki za wavumbuzi, mjini Alexandria, Virginia.

Mwaka 1973 alimwoa Loretta Hafer, wakajaliwa binti mmoja, Janine. Hata orodha ya sokoni aliiandika kiwakili. "Delbert, 'kitu cha kukata kiu' ndiyo nini?" Loretta alimuuliza. "Andika maziwa."

"Nilivyoandika inabeba na juisi, mpenzi."

"Basi leo utakunywa maji ya bomba."

Mwaka 1991 aliandika maombi ya hataza ya muuguzi Verna Stoltz, aliyebuni ubavu wa kitanda unaojifunga wenyewe ili mgonjwa asianguke. Verna alimwandikia kwamba kufuli yaweza kuwa ya springi au ya sumaku. Delbert, kwa mazoea ya mawakili wa wakati ule, alidai "njia ya kufungia ubavu", akaeleza springi peke yake, akiamini maneno mapana yatabeba yote. Lakini sheria husoma dai la namna hiyo kwa kifaa kilichoelezwa kwenye hati na vinavyolingana nacho tu. Kiwanda kimoja kilipotengeneza ubavu wa sumaku, Verna alishindwa kesi. Tarehe 6 Novemba 2008 Delbert alisimama mbele ya majaji wa rufaa.

"Wakili, sumaku iko ukurasa gani?"

"Haipo, Mheshimiwa."

"Kwa hiyo unatuomba tuiandike sisi?"

Rufaa ilitupwa. Delbert akastaafu, akakataa kuagwa kwa sherehe.

Kila Jumapili baada ya ibada Verna alikuja kunywa kahawa. "Wale wenye majoho wangelazwa wodini kwangu wiki moja tu," alisema, "wangeielewa sumaku." Delbert aliitikia kwa kichwa. Miaka sita alikaa hivyo, kama mtu aliyefungiwa chumbani na ufunguo anao mwenyewe.

Mwaka 2014 aliugua mapafu. Jumapili ya tarehe 17 Mei 2015, Loretta akisikia, Delbert alisema, "Verna, sumaku uliniandikia. Niliyeiacha ni mimi."

"Najua, Delbert. Nakala ya barua ninayo."

"Mbona hukusema?"

"Ungeacha kunifungulia mlango. Haya, inua kichwa nikupangie mito."

Alifariki Jumanne iliyofuata, nyumbani kwake.

Ameacha mjane Loretta, binti yao Janine na mumewe Curtis, wajukuu wawili, dada yake Arlene, na Verna, ambaye familia imemwomba aketi nasi mstari wa mbele kwenye ibada ya mazishi. Bwana ampokee na kumpumzisha. Mzigo wake ameshautua.