Libère Nduwayo, Aliyesema "Musiniinue"

Ndugu, majirani na marafiki, familia inawashukuru kwa kufika. Wasifu huu unasomwa na Fabiola, mdogo wake marehemu, na ni wa pili kuandikwa. Wa kwanza uliletwa na watu wa chama cha matembezi, umepigwa chapa vizuri, ukisema Libère "aliitwa na Bwana akiwa mlimani." Mjane wake, Christa, aliusoma mpaka mwisho, akauchana, akautia kwenye mbabula, jiko la makaa. "Bwana hakusema muinueni," alisema. "Ni mutu alisema." Basi sikilizeni huu.

Libère alizaliwa Nyakabiga tarehe 9 Agosti 1974, mtoto wa tatu wa mzee Méthode na mama Consolate, ambao wote wametangulia. Hakuwa mtoto wa kukaa ndani. Mama yake alikuwa anaita chakula mpaka sauti inakauka, kumbe mwenyewe yuko bondeni kwenye mto Ntahangwa na wenzake, matope hadi masikioni.

Alisoma shule ya msingi hapohapo mtaani, akamaliza sekondari mwaka 1995, katika miaka ile ya vita ambayo kwenda shule tu kulihitaji moyo. Mwaka 1998 alianza kufundisha michezo kwenye lise moja, shule ya sekondari, ya Musaga. Miaka mitatu baadaye mwanafunzi wake alivunjika mguu kwenye matembezi, na watu wenye huruma wakamvuta huku na kule mpaka mguu ukaharibika kabisa. Libère alirudi nyumbani, hakula.

Akatafuta mafunzo ya huduma ya kwanza, na kuanzia 2006 akawafundisha wote wanaopeleka watoto wa watu milimani: maskauti, viongozi wa kwaya, walimu wenzake. Hakutaka kusikia habari ya ukumbi. "Mu ukumbi hakunyeshi mvua," alikuwa anasema. Aliwapandisha kwenye utelezi, simu haishiki, hospitali iko mbali, anamlaza mmoja chini apige kelele za uongo, halafu anawauliza wengine: haya, una kitenge na vijiti viwili, unafanya nini? Aliwafundisha kushika kichwa kisitikisike. Aliwafundisha kwamba aliyezimia hapewi maji, hata shangazi yake alie vipi. Na aliwafundisha kumbeba mgonjwa kwa ingobyi, machela ile ya wazee wetu, wote kwa hatua moja, pale tu inapokuwa salama kumbeba.

Alifunga ndoa na Christa tarehe 28 Agosti 2004. Siku ya kujitambulisha kwao, Bwiza, baba mkubwa wa Christa alikabwa na nyama. Watu wote wakabaki wanamtazama kwa adabu. Libère akaruka kutoka kiti cha wageni, akamwinamisha mzee, akamtandika mgongoni, pu! pu! Wanawake wakapiga yowe: "Amepiga muzee! Mukwe gani huyu?" Nyama ikatoka. Mzee akavuta pumzi, akafuta machozi, akasema wamuoze Christa haraka kabla yeye mwenyewe hajala kipande kingine. Mungu aliwajalia watoto watatu.

Sasa habari ya kifo chake. Jumamosi tarehe 10 Mei 2025, Libère alikuwa na viongozi vijana juu ya mlima wa Teza, pembeni ya msitu wa Kibira. Chama kilikuwa kimealika mheshimiwa mmoja aje kutoa vyeti. Wakati wa kushuka, Libère aliteleza, akaanguka kwa shingo. Alikuwa na akili zake zote, vidole vya miguu vinacheza. Akasema mwenyewe: "Musiniinue. Ni shingo. Darius, shika kichwa." Darius, mmoja wa vijana hao, akapiga magoti, akashika. Wawili wakatumwa chini kutafuta msaada, wengine wakamfunika. Kila kitu kilikwenda kama alivyowafundisha.

Ndipo mheshimiwa alipofika. "Munaacha mwalimu wenu analala mu matope kama mbwa? Hamuna heshima? Muinueni, mumuweke mu gari yangu!" Libère akasema apana. Akasema tena. Na vijana kumi na wawili waliofundishwa, wakamuinua, huyu mkono, huyu mguu. Kichwa kikaanguka nyuma. Hapo ndipo mikono na miguu yake ilipokufa ganzi, na pumzi ikaanza kuwa ya kuombaomba.

Wiki ile hospitalini, Christa alimuuliza Darius: "We ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Na ukaachilia kichwa?"

"Mama, ni mukubwa alisema."

Ni heshima gani hii, jamani? Heshima ya kumwogopa mwenye gari kuliko kumsikiliza mwenye shingo? Libère alifariki Jumatano tarehe 21 Mei, saa kumi alfajiri, mke wake akiwa pembeni. Wapo waliokuja nyumbani kutuomba tuseme ni mapenzi ya Mungu, yaishe. Hayaishi. Mheshimiwa ameomba kusema maneno mawili hapa leo. Familia imekataa.

Marehemu ameacha mjane, Christa. Watoto Hugues, Amélie na Chanelle. Dada yake Fabiola. Na viongozi wengi aliowafundisha, ambao tunawapenda na ambao tumewakasirikia.

Hao ndio watakaomshusha kaburini. Christa ndiye aliyetaka hivyo, na amemwambia Darius atoe amri. Darius akisema simameni, tutasimama wote, hata padri. Atakayeleta amri nyingine juu ya yake, awe nani, kamba ya jeneza ataiachia na nyuma atarudi. Libère alale pale watakapomlaza, apumzike, na asiguswe tena.