Wali wa Mtu Mmoja

Kwenye basi dogo la kwenda Klaten nilikaa nyuma ya bibi mmoja aliyepakata mfuko wa wali uliokaushwa juani. Msichana aliyekaa naye, mwenye sare ya kiwanda, alimuuliza kama anafuga kuku.

"Kuku wa nini? Hiki ni kiporo changu, nakipeleka sokoni. Ukikikaanga kinashinda biskuti. Wali ukitupwa, wenyewe hulia, mwanangu."

"Mbona kingi hivyo, bibi? Wajukuu hawali?"

"Wajukuu wako mbali, Batam. Nimebaki peke yangu tangu mume wangu, mzee Karto, afariki."

Msichana akacheka. "Sasa si upike kidogo? Unaokoa nini hapo, kama kila siku unajaza sufuria?"

Kimoyomoyo nilimuunga mkono.

Bibi akakunja mdomo wa mfuko. "Nilijaribu kupika wa mtu mmoja. Nikala, nikaosha sufuria, na jua bado liko palepale. Sina cha kuanika, sina cha kugeuza wala ndege wa kufukuza. Kesho yake nikapika kama zamani. Kiporo kilipobaki, nikamshukuru Mungu."

Msichana akainuka, tayari kushuka. "Hata hivyo, bibi, afadhali ufuge paka."

Basi likasimama langoni mwa kiwanda, akashuka. Bibi akatoa kichwa dirishani.

"Paka naye atataka samaki! We binti, kesho unapanda saa ngapi, tuendelee?"

Msichana alikuwa ameshaingia ndani.