Apiyo wa Kipande cha Katikati

Waombolezaji wapendwa, dada yetu Dolphine Apiyo alizaliwa tarehe 14 Machi 1996 hapa Asembo Bay, binti wa Mzee Nicodemus Oketch na Mama Perez, akanitangulia mimi Adongo, pacha wake ninayewasomea, kwa robo saa, na tangu siku hiyo hakuacha kunitangulia.

Kwa kuwa tulikuwa mapacha, tulishonewa nguo za kitambaa kimoja, ila samaki akipakuliwa Apiyo alipewa kipande cha katikati chenye mafuta, mimi mkia, na wageni walimbeba yeye kwa unene wake, wakamsifu Mama kwamba mtoto ana afya, kisha wakaniangalia mimi na kuuliza kama nimepewa dawa ya minyoo. Nilimwonea wivu, na nikitazama umati huu bado namwonea, maana siku yangu hamtajaa hivi.

Alimaliza sekondari mwaka 2014, akajifunza ushonaji, akafungua kibanda Manyatta, ambako wateja walikubali kumsubiri yeye huku mashine yangu imekaa bure kando yake. Tarehe 9 Desemba 2017 aliolewa na Bwana Ouma, mvuvi wa Dunga, ambaye mtu wa kwanza kumsalimia nyumbani kwetu nilikuwa mimi, na tarehe 3 Februari 2019 wakajaliwa binti, Aoko.

Tarehe 2 Juni 2025 aliteleza pale Dunga, akavunjika mguu, akafungwa plasta. Mimi nilivunjika vivyo hivyo mwaka 2021 na hakuna aliyeniletea hata uji, mguu wake ulijaza nyumba wageni, lakini wangu ulipona. Damu iliganda mguuni mwake, bonge likapanda hadi mapafuni, akafariki hospitalini Kisumu tarehe 27 Juni. Daktari alitueleza kwamba mwili una nguvu yake wenyewe ya kuyeyusha damu iliyoganda, ila unene wa kupindukia tangu utotoni unaweza kuidhoofisha nguvu hiyo taratibu, mtu akiwa bado anaonekana mzima.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Manyatta, washonaji wenzake, na wachuuzi wa Dunga waliotupikia. Mama Perez, wewe nakuomba. Aoko atakaa kwako baba yake akiwa ziwani, na jana nimeona wageni wakimfinya mashavu na kumsifu, nawe ukampakulia kipande cha katikati. Mama, mpe mkia, kama ulivyonipa mimi.

Apiyo, umenitangulia tena, pumzika kwa amani.