Edmond Kalaba, Aliyeuweka Mto wa Zamani Kwenye Simu Zetu

Kabla udongo haujamfunika, familia ya Kalaba inaomba isikilizwe. Anayesoma ni dada yake, Geneviève. Atakayekasirika na akasirike, sisi tulishatangulia kukasirika.

Edmond alizaliwa Sakania tarehe 14 Machi 1967, mtoto wa tatu wa fundi wa reli. Alisoma shule ya msingi hukohuko, kisha akaja Lubumbashi kusomea upimaji wa ardhi, akapata diploma mwaka 1987. Mwaka uliofuata kampuni moja ya migodi ilimwajiri kuchora ramani. Mwaka 1992 alimuoa Marceline Nkandu, ambaye tangu siku hiyo alizoea meza yenye karatasi nyingi kuliko sahani.

Kampuni ilipoanguka mwaka 2003, wakubwa wake waliuza hata karatasi za ofisi. Edmond aliikuta ramani ya mtaa wetu sokoni, jirani yetu mama Mujinga akiifungia mikate ya mafuta, yale maandazi anayouza. Alinunua mikate yote ili apate vipande vyote. Ramani hiyo ilionyesha mto uliofukiwa zamani, ambao juu yake tumejenga nyumba, kwenye mteremko wa chini ya bwawa la taka za mgodi. Bwawa lingepasuka, maji yangefuata njia ya kale ya mto huo.

Mwaka 2023 ukuta wa bwawa ulianza kuvuja. Edmond akaipiga ramani picha, lakini faili lilikuwa kubwa mno, kila simu ilikwama. Akalikata vipande vidogo, kila kipande akakifunga mahali pake halisi, ili mtu akisimama sebuleni kwake aone kwenye simu kama yuko juu ya mto ule, hata bila mtandao. Mwanzoni alikosea. Alianzia vipimo kanisani, akasahau kwamba kanisa lilijengwa upya ng'ambo ya barabara. Mama Mujinga alimcheka: "Papa Edmond, miye maji inaniingilia mu nyumba kila mwaka, sasa telefone yako inasema niko naikala ku mulima?" Edmond naye akacheka, akaanza upya kutoka kivuko cha reli.

Alipeleka kazi yake kwenye ofisi ya serikali. Mkubwa mmoja akamjibu: "Plan iko ya l'État. Haiwezi tembea mu matelefone ya bantu bovyo-bovyo." Yaani ramani ni mali ya serikali, si ya kila mtu. Basi akaigawa mwenyewe, simu kwa simu, avenue baada ya avenue. Avenue tisa za mtaa wetu ziliipata, na watu wakahamia juu. Zilibaki mbili, Miombo na Kasuku. Tarehe 6 Februari 2024 polisi walimkamata, eti anawatia watu woga, wakachukua simu na kompyuta. Tarehe 11, saa nne asubuhi, ukuta ulipasuka. Maji yalipita palepale alipochora. Miombo na Kasuku zilizika watu kumi na wanne. Msituambie ni mapenzi ya Mungu. Mungu hakumkamata Edmond.

Walimwachia jioni ileile. Aliingia katika maji yale yenye asidi kutafuta watu, akatoka miguu imebabuka, na baadaye figo zikakataa kazi. Hospitalini alirudia neno moja kila siku: "Marceline, ya Miombo ilikuwa tayari, ilibakia tu kutuma." Alifariki tarehe 3 Julai 2024.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu watatu na dada mmoja. Wenye bwawa wameleta shada la maua, na Marceline amelirudisha. Simu yake, waliomkamata hawajairudisha.

Edmond, lala kwa amani. Waliokuzuia wasilale.