Ubongo Umemtambua Mama

Nilikaa nyuma ya kaka na dada yake kwenye basi dogo la kwenda mtaa wa Kwun Tong. Kaka mtu ni fundi ujenzi. Tangu aanguke kwenye jukwaa la mianzi, eti kumbukumbu zimefutika, pamoja na ahadi ya kumchukua mama yao akaishi kwake.

"Daktari kakuvika kofia ya nyaya," dada akasema. "Picha ya mama imetokea, unasema humjui. Mashine inaonyesha ubongo umemtambua."

"Basi huo ubongo ndio ukamchukue. Mimi simjui."

Nikajifanya naangalia dirishani.

Mara kaka akapaza sauti: "Dereva, kiwanda cha tambi, tunashuka." Kiwanda kilibomolewa zamani, kituo hicho wanakiita hivyo wenyeji tu.

Dada akamgeukia polepole. "Kaka, nani kakwambia tunakwenda kwa mama?"

Basi likasimama. Hakuna aliyeshuka.