Sifuri Nyekundu na Kuku ya Bunyakiri

Wapapa na wamaman wa shirika letu, mumeniomba mara tatu nisimame hapa mbele. Mara mbili nilisema nina kikohozi. Sikuwa na kikohozi. Nilikuwa na haya.

Munajua mimi ni mwalimu. Hamujui kwamba kwa mwaka mzima nilifundisha Kiingereza bila kukijua. Nilisomea historia. Mwalimu wa Kiingereza alipoondoka, prefe, mukubwa wa shule yetu, aliuliza nani anaweza kushika kalasi zake. Mimi na abakosti yangu mupya, koti ya heshima ya wakati ule, tukainua mukono. Nilikuwa na kitabu kimoja, kurasa za kwanza zimekatika, na Kifaransa changu cha kujisifia.

Sasa musikilize, hata ninyi ambao hamukukisoma. Kwa Kiingereza, cha mwanaume ni "his", cha mwanamuke ni "her". Unaangalia mwenye kitu. Kwa Kifaransa unaangalia kitu chenyewe. Mimi nikafundisha ya Kifaransa: baba ni mwanaume, basi kila baba ni "his father", hata kama mwenye baba ni binti. Kalasi nzima ikaimba nyuma yangu.

Mumoja hakuimba. Alikuwa binti wa kijiji cha Bunyakiri, aliyekaa kwa shangazi yake hapa mutaani Muhumba. Kwenye jaribio aliandika habari za maman mumoja na baba yake: "her father". Nikamuwekea sifuri nyekundu. Akasimama, akaniita "citoyen", yaani mwananchi, kama tulivyoitana wakati ule.

"Citoyen mwalimu, munisamehe. Ule papa iko wa ule maman. Njo maana niliandika 'her'. Sista wa kwetu njo alitufundisha vile."

Ndugu zangu, nawaambia, nilifahamu pale pale kwamba huyu mutoto pengine ana haki, anasema kweli. Lakini wenzake walikuwa wananiangalia. "Unakuya kunifundisha mimi? Piga magoti!" Akapiga magoti kwenye sakafu ya simenti mpaka kengele ilipolia. Kisha nikamuandikia prefe kwamba binti huyu ana kiburi. Prefe akamufukuza mpaka siku atakapoomba musamaha mbele ya kalasi.

Jumapili nilimuuliza padri mumoja mugeni anayejua Kiingereza. Nilijifanya ninauliza kwa ajili ya mwenzangu. Alinieleza kwa maneno machache tu, na nikaona binti alikuwa na haki. Nikanyamaza. Kwa wiki mbili nilipita mbele ya benchi yake tupu, nikaendelea na "his father" yangu. Kila mutu anakosea. Mimi nilijua, na nikaendelea. Hiyo ndiyo inanitia haya mpaka leo.

Kisha baba wa binti akafika kwangu pamoja naye. Alikuwa mulimaji, viatu mukononi sababu ya matope, kuku chini ya kwapa. Alivua kofia mbele yangu.

"Mwalimu, mutoto alikukosea. Sijue alisema nini, lakini mutoto habishanake na mwalimu. Pokea hii kuku. Umurudishe ku masomo."

Nikamuambia binti: "Utasema mbele ya wenzako kwamba ulikosea?"

Aliangalia chini. "Papa, siwezi kusema bongo, siwezi kudanganya."

Muzee alisikia aibu mbele yangu. "Basi turudi. Utalima." Wakaenda, na kuku ikabaki. Ndiyo, niliipokea.

Jioni, wakati wa kula ile kuku, muke wangu, aliyesikia yote mulangoni, aliniuliza: "Papa wa batoto, ule mutoto alikosa nini kabisa?" Nikamueleza ukweli, nikidhani atacheka. Akaweka sahani chini. "Basi hii nyama hatuistahili." Hakuonja. Mimi nilimaliza yangu peke yangu.

Kesho yake niliingia kalasini, nikafuta ubao, nikaandika "her father". Nikasema: "Mwenzenu alikuwa na haki. Mimi ndiye nilikosea, na nilijua." Wengine walicheka. Prefe aliniita, akaniambia nimevunja heshima ya walimu wote, akaninyang'anya kalasi za Kiingereza. Lakini alikubali binti arudi.

Nikapanda lori. Njiani, kwenye soko la Miti, nilinunua kuku, na mpaka Bunyakiri ilikuwa inaninyea kwenye abakosti. Niliwakuta shambani. Nikamueleza muzee kila kitu, nikamunyoshea ile kuku. Akakataa kuishika.

"Hapana mimi. Ile ulikula ilikuwa ya mutoto. Yeye njo aliichunga, ya kununua makaye ya kuandikia. Umurudishie mwenyewe."

Basi nikapiga magoti mbele ya mwanafunzi wangu, ndani ya matope, abakosti na yote. Nikamuomba musamaha, nikamunyoshea kuku. Binti alipokea kuku, akaipima mukononi.

"Yangu ilikuwa munene kupita hii, citoyen mwalimu," akasema. "Lakini nitarudi."

Alirudi. Leo anafundisha Kiingereza hapa mujini, na binti yangu iko kalasini mwake.

Namushukuru muke wangu, aliyekataa nyama. Namushukuru muzee yule. Na yeye binti, aliyekataa kusema uongo wakati mimi niliusema kila siku kwa chaki. Ninyi mulio na chaki, ama funguo, ama kiti cha ukubwa: kabla ya kumupigisha mutu magoti, jiulizeni kwanza nani anapaswa kuyapiga. Mimi nilichelewa kujiuliza. Sasa naomba nikae chini, haya bado inanishika.