Kiti cha Kapteni na Miaka Mitano ya Doria

Risala ya askari jela kwa Sherifu mpya, siku alipotembelea gereza la kaunti

Mgeni rasmi, Sherifu wetu Bwana Leland Brekke; Kapteni Dwight Skogstad, mkuu wa gereza anayetuaga; waheshimiwa makamishna wa Kaunti ya Tamarack; Mchungaji; ndugu wafanyakazi wenzetu:

Anayesoma ni Renae Vogel wa zamu ya asubuhi, kwa sababu sauti yake inafika mpaka jikoni bila kipaza sauti. Maneno ni yetu sote.

KARIBU

Mgeni rasmi, uliapishwa Jumatatu, leo ni Jumatano, na tayari umefika. Sherifu aliyekutangulia ilimchukua miezi kumi na nne kuja huku ndani, na alikuja kwa sababu bomba lilipasuka kwa baridi maji yakaingia kwenye majalada yake yaliyohifadhiwa huku. Kwa hiyo tunakushukuru, wala si kwa adabu tu. Kahawa ipo. Mama mkwe wa msomaji ametuletea sinia la viazi na nyama ya kusaga, bado la moto. Watu wa huku hatujui kusifu, kitu kikiwa kitamu sana tunasema si kibaya, basi tunakwambia mapema kwamba chakula hiki si kibaya.

Tuliona pia kwamba ulipofika mlango wa ndani ulitoa bastola yako ukaiweka kwenye sanduku la silaha kabla hujaambiwa. Tulitazamana. Tutalirudia hilo mbele kidogo.

TULIKOTOKA

Gereza la kwanza la kaunti hii lilikuwa chini ya nyumba ya sherifu, vyumba vinane. Sherifu alikuwa barabarani akifukuza walanguzi wa pombe, na mkewe ndiye aliyekuwa akipika uji wa mahabusu, akifua mashuka yao, akiwapekua wanawake walioletwa, na akilala na funguo chini ya mto. Hakuwa na cheo wala kiapo. Sisi tunamhesabu kuwa askari jela wa kwanza wa Tamarack. Picha ya mumewe iko ukutani ghorofa ya juu. Yake hatujaiona, na tumeitafuta.

Leo tuna jengo lenye vitanda mia moja na kumi na mbili, na askari thelathini na watatu. Lakini desturi ya kale haijafa. Walioko doria wanaitwa askari. Sisi tunaitwa "wale wa ndani". Kijana akikosa kazi ya doria huambiwa, "Basi anzia jela, utatoka." Watu wanapita kwetu kama wapita kituo cha basi, na wanaobaki huulizwa kwenye harusi na misiba, "Bado uko kule tu?"

WASIFU WA VIONGOZI WETU

Mgeni rasmi, kwenye korido ya juu kuna fremu nne za viongozi wakuu wa ofisi hii, kila mmoja na picha yake na wasifu wake wa kazi. Tunazisoma kila tukipanda kuchukua barua, tunazijua kwa moyo. Naibu wako, Bi Carla Neumiller: miaka kumi na moja doria, saba upelelezi, kozi ya uongozi ya miezi mitatu. Kapteni Skogstad: miaka ishirini na miwili doria, mkufunzi wa mbwa, na nishani ya kuwaokoa wavuvi tisa waliokuwa juu ya barafu ya Ziwa Tamarack ilipokatika. Mkuu wa upelelezi: doria. Mkuu wa mafunzo: doria. Hatuwadharau. Mtu anayetambaa juu ya barafu kwa tumbo kumfuata mlevi na ndoana zake anastahili fremu mbili.

Wasifu wako nao tumeusoma, kwenye kipeperushi cha kuapishwa. Unasema: "Alianza utumishi wake mwaka 1999 akiwa askari wa doria."

Mgeni rasmi, tunalo daftari la zamu la mwaka 1998. Jina lako limo, tangu Aprili hadi Novemba, bloku B, zamu ya mchana. Miezi minane. Aliyekufundisha alikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, naye ni Arlys Haugen, ambaye leo ni Luteni Haugen, amekaa safu ya tatu, na ambaye kwa wakati huu ameanza kuelewa kwamba risala hii siyo ile aliyoonyeshwa jana. Ile ya jana ilikuwa ya mashine ya kufulia. Luteni, tunakuomba ukae. Mlango tumeufunga na funguo anazo Kapteni.

Wazee wa zamu yenu wanasimulia. Siku yako ya pili walipigana watu wawili kwenye meza ya chakula, nawe ukaanza kukimbia. Arlys alikushika mkono.

"Humu hatukimbii, Brekke. Ukikimbia, wanajua unaogopa."

Ukamjibu, "Naogopa kweli, dada."

"Basi ogopa taratibu."

Mkaenda mkitembea, na mlipofika wale wawili walikuwa wameshakaa. Hatulaumu kipeperushi, karatasi ina mwisho wake. Ila tulijiuliza, kama hata aliyejifunza hapa hapaandiki, anayekaa hapa miaka ishirini na sita ataandikwa wapi?

TULIYOYAFANYA

Tumekaguliwa na jimbo mara nne mfululizo bila kasoro. Kwa miaka sita hajafa mtu mikononi mwetu, na wanaojua kazi hii wanajua neno hilo lina uzito gani. Mahabusu ishirini na saba wamepata cheti cha sekondari wakiwa humu, na mmoja wao sasa anatuletea mkate kwa gari lake mwenyewe, anapiga honi langoni kama mwenye jengo.

Kuna jingine ambalo halimo kwenye ripoti yoyote. Tunalisema kwa ruhusa ya mwenyewe, Kapteni Skogstad. Tulipomwomba alikuna kichwa akasema, "Lisomeni. Nisipoliruhusu leo mtalisoma kwenye mazishi yangu, na sitakuwepo kujitetea."

Juma lake la kwanza kama mkuu wa gereza, Kapteni aliingia bloku C na bastola kiunoni. Mtu aliyekaa doria miaka ishirini na miwili haisikii tena bastola yake, ni kama miwani. Alipita sandukuni akiwa anasoma barua. Aliyekuwa kwenye vidhibiti vya milango alikuwa mgeni kazini, akaona kofia ya kapteni, akafungua. Ndani mlikuwa na wanaume arobaini na moja, na silaha moja, na mbele yao mtu anayewasalimia mmoja mmoja kwa furaha ya kazi mpya.

Luteni Haugen aliona kupitia kioo. Hakubonyeza king'ora, maana king'ora kingewafanya wote arobaini na moja wageuke watafute sababu. Aliingia akitembea, akasimama ubavuni kwa Kapteni upande ule wa bastola, akamwambia kwa sauti ya kuchoka, "Kapteni, mkeo yuko kwenye simu, na amekasirika." Watu wakacheka. Kapteni akatoka haraka kuliko alivyoingia. Mlango ulipofungwa alimuuliza, "Amekasirika nini?" Luteni akamwonyesha kiuno chake kwa kidole. Kapteni anasema alikaa chini sakafuni, pale pale.

Luteni hakulipeleka juu ili limvunje mtu. Alikaa na Kapteni juma zima, akamfundisha kazi, kisha wakabadili utaratibu wa mlango pamoja: sasa anayefungua lazima amwambie kila anayeingia, hata awe gavana, "Onyesha kiuno." Ndiyo maana leo uliambiwa hivyo, mgeni rasmi, ingawa ulikuwa umeshaivua bastola. Kapteni wetu baada ya hapo amekuwa mkuu mzuri. Anasema mwenyewe nani alimfanya hivyo.

KINACHOTUSUMBUA

Mashine ya kufulia ya pili haifanyi kazi tangu Oktoba. Hilo ni kweli, hatukulitunga kumdanganya Luteni tu. Nafasi nane za askari ziko wazi, na zamu za saa kumi na mbili zinageuka za kumi na sita. Hayo yako kwenye ripoti, hatutakuchosha.

Linalotuuma ni hili. Kapteni Skogstad anastaafu mwisho wa mwezi. Jina la atakayemrithi linatakiwa kufika kwa makamishna Ijumaa hii saa kumi jioni. Na ofisi yetu ina kanuni iliyoandikwa wakati gereza likiwa na vyumba vinane, kwamba hakuna awezaye kuwa kapteni bila miaka mitano ya doria. Sherifu akiona inafaa anaweza kuiondoa kwa saini yake peke yake. Hajawahi kutokea aliyeona inafaa.

Luteni Haugen amekaimu kiti hicho mara nne. Makapteni wanne amewapokea mlangoni, akawafundisha kuhesabu watu, kusoma bloku kwa masikio, kujua kelele ipi ni ya mpira kwenye televisheni na ipi ni ya damu. Wote wanne walikuja wakiwa na miaka ya doria na bila siku moja ya jela. Hakuna kanuni iliyowazuia wao. Hatukasiriki, tunashangaa tu, na mshangao wetu umekaa muda mrefu mpaka umeanza kufanana na hasira.

Utauliza, kwa nini basi hakwenda doria akaitimiza hiyo miaka mitano? Aliomba. Mara ya kwanza sherifu wa wakati ule alimwambia, "Arlys, ukitoka wewe nani atakaa na kapteni mpya?" Mara ya pili alijibiwa hayo hayo na mtu mwingine. Aliomba na mara ya tatu. Alikatazwa kutoka kwa kuwa anahitajika, na sasa anakatazwa kupanda kwa kuwa hakutoka. Mumewe alimwambia mbele yetu, kwenye sherehe ya Krismasi, "Mama, hawa watu wanakupenda kama wanavyoipenda hita. Wanakukumbuka ukizimika."

Alicheka. Sisi hatukucheka. Kaunti jirani imempa kiti cha mkuu wa gereza lao. Wanataka jibu Ijumaa. Barua yake ya kuacha kazi ameshaiandika, iko kwenye droo ya pili ya meza yake. Luteni, utusamehe, ulitutuma tukakuchukulie betri humo.

Tunaogopa, mgeni rasmi. Tunalisema wazi kwa sababu Luteni ndiye aliyetufundisha kwamba askari jela asiyesema anaogopa ndiye wa kuogopwa. Vijana watano kati yetu hawajamaliza mwaka. Akiondoka yeye, nani atawashika mkono?

MAOMBI

Tulikuwa na maombi sita. Kapteni Skogstad alisoma rasimu akayafuta matano kwa kalamu yake, akaandika pembeni, "Ombeni moja, asipate la kuchagua." Hata mashine tumeiacha. Watu wataendelea kuvaa soksi zenye unyevu.

Tunaomba uiondoe kanuni ya miaka mitano, na jina litakalokwenda kwa makamishna Ijumaa liwe la Arlys Haugen.

Tunajua kuna sajenti wa doria aliyependekezwa. Ni mtu mwema, alitusaidia kuvuta gari la msomaji kwenye theluji wiki jana, hata chai hakukubali. Aletwe kwetu chini ya Luteni afundishwe kwanza, kama ulivyofundishwa wewe, kisha naye apate fremu yake.

Tulihangaika namna ya kukueleza thamani ya mwanamke huyu. Tumekwambia hatujui kusifu. Tuliandika kurasa mbili tukazitupa, zilinuka maua ya msibani. Ndipo karani wetu akafungua jalada la Luteni, akatoa jibu la ombi lake la tatu la kwenda doria, la Machi 2014. Mchungaji alitushauri tukupe faraghani. Tulipiga kura, Mchungaji akashindwa. Tunalisoma kama lilivyo:

"Ombi limekataliwa. Sajenti Haugen hana mbadala gerezani. Hakuna mtu katika ofisi hii, mwenye cheo chochote, anayeijua kazi ile kama yeye, na sitaki kuwa mtu atakayekuja kueleza kwa nini tulimwacha aende."

Imesainiwa: Leland Brekke, Kapteni wa Doria.

Mgeni rasmi, hatuna la kuongeza juu ya maneno hayo. Ijumaa saa kumi jioni, kama saini haijawekwa, mtu huyo utakuwa wewe.

Mungu akusindikize kwenye barabara zote za kaunti hii zenye barafu, akurudishe kwa watu wako jioni, na azibariki siku zako za uongozi zianze kwa haki. Nasi atuhesabu tuingiapo na tutokapo, hesabu isipungue.

Ni sisi, Askari Jela wa Kaunti ya Tamarack, thelathini na watatu. Waliosaini ni thelathini na wawili. Luteni hatukumpa kalamu.